Ugonjwa Uliotoka Mkojoni Ukaingia Mshipani

Daktari yeyote mkongwe wa Kenya ukimtajia Msambweni, atakumbuka ukoma kwanza, kichocho pili. Mji huu wa wavuvi, ulioko kilomita 55 hivi kusini ya Mombasa kwa barabara ya Lunga Lunga, ulijulikana zamani kwa makao yake ya wakoma. Kisha tangu miaka ya 1980 ukaingia katika majarida ya tiba ya dunia kwa sababu ya utafiti mrefu wa kichocho, uliofanywa na wataalamu wa Wizara ya Afya pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani. Watoto wa vijiji vya Wadigo na Waduruma walipewa vikopo, wakarudisha mkojo, na mkojo ukachovywa vijikaratasi vinavyogeuka rangi palipo na damu.

Vijikaratasi vya aina hiyo hiyo, vikitiwa dawa nyingine, huonyesha sukari. Lakini miaka hiyo hakuna aliyekuja Msambweni kutafuta sukari. Waliokuja walitafuta minyoo, malaria, matende na ukoma, magonjwa ambayo Ulaya iliyaita ya nchi za joto. Kisukari kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa watu wengine, na ugonjwa wa ateri, yaani mishipa inayobeba damu kutoka moyoni, ukahesabiwa kuwa wa watu wengine zaidi. Hesabu hiyo ina historia yake, na mpaka leo inawagharimu watu wa Kwale, kaunti ulimo mji huu, miguu na maisha.

Mkojo wenyewe ulisomwa mapema mno katika nchi za Bahari ya Hindi na jirani zake. Matabibu wa kale wa India waliandika juu ya mkojo wa asali unaokusanya sisimizi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliueleza ugonjwa huo katika kitabu chake cha tiba, al-Qanun, akataja utamu wa mkojo, njaa isiyo ya kawaida, kudhoofika kwa nguvu za kiume, na kuoza kwa viungo. Elimu ya tibu iliyoshika pwani yetu, ile ya kupima mwili kwa joto na baridi, ukavu na majimaji, imetokana na mapokeo hayo hayo ya Kiyunani na Kiarabu. Kwa hiyo mkojo mtamu na mguu unaooza vilikaa katika kitabu kimoja karibu miaka elfu moja iliyopita. Kilichokosekana ni njia ya kutoka kimoja kwenda kingine. Katikati ya karne ya 19 daktari Mfaransa, Charles Marchal de Calvi, aliwashikilia wenzake wakubali kwamba kuoza kwa mguu wa mgonjwa wa kisukari hakukuwa bahati mbaya tu, bali kulitokana na kisukari chenyewe. Wengi hawakumsikiliza haraka.

Na sukari? Pwani hii iliijua kabla ya Mzungu. Pangani, kusini ya mpaka wa leo wa Tanzania, palikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu katika karne ya 19, na sukari guru yake ilipakiwa kwenda Uarabuni. Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani mwaka 1888 na 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa huko. Upande wa Kwale kiwanda kilikuja mwaka 1927, kikajengwa Ramisi, kusini ya Msambweni, na kwa miaka mingi kikawa chini ya familia ya Madhvani. Ramisi ilikuwa mji ndani ya mashamba: nyumba za vibarua, duka, shule, na moshi wa msimu wa kuponda miwa. Kikafa mwaka 1988. Mashamba yalilala karibu miaka 20 kabla ya kampuni ya KISCOL kukodishiwa ardhi mwaka 2007 na kujenga kiwanda kipya.

Ingekuwa rahisi kuisimulia hadithi hii hivi: kiwanda kikaleta sukari, sukari ikaleta kisukari. Mimi sikubaliani nayo. Mkata miwa wa Ramisi alitafuna muwa tangu asubuhi, akanywa chai yenye vijiko vinne, na sijaona ripoti ya daktari wa zama zile juu ya miguu ya vibarua kuoza kwa kisukari. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haba. Kisukari cha ukubwani hutaka zaidi ya utamu: hutaka urithi wa ukoo, umri, kitambi, na mwili uliokaa. Vitu hivyo vilikuja pwani ya kusini kwa mlango mwingine, na kwa kuchelewa.

Kuchelewa huko ndiko kulikowapoteza madaktari. Mwaka 1901 Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Uganda, aliandika kwamba kisukari ni nadra katika nchi ile, na kwamba anayekipata hufa. Mwaka 1929 C. P. Donnison, aliyekuwa daktari wa serikali katika Nyanza ya Kusini, alichapisha vipimo vya presha vya Waafrika 1,000. Presha zao zilifanana na za Wazungu mpaka karibu miaka 40, kisha badala ya kupanda kwa umri kama za Wazungu, zikashuka. Mwaka huo huo Hugh Trowell aliingia Kenya, akahamia Uganda mwaka 1935, akafundisha hospitali ya Mulago, Kampala, mpaka 1958. Alikuwa mtu wa kuhesabu kwa makini, na katika hesabu yake moyo ulioziba ateri haukuwamo. Ilibidi ifike mwaka 1956 ndipo yeye na mwenzake waripoti mgonjwa Mwafrika mwenye ugonjwa huo kama jambo la kuandikiwa makala, na mwaka 1960 akakusanya yote katika kitabu juu ya maradhi yasiyoambukiza barani Afrika.

Kampala ile ile ilikuwa na jibu mbele ya macho. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones walionyesha kwamba Wahindi wa mji huo walikuwa na lehemu, yaani kolesteroli, nyingi katika damu na moyo ulikuwa unawaua, ilhali Waafrika wa mji ule ule lehemu yao ilikuwa chini na ugonjwa wa moyo wa namna hiyo haukuonekana kwao. Jua lilikuwa moja na maji yalikuwa ya ziwa moja, ila sufuria na kazi ndizo zilizotofautiana. Hata hivyo wasomaji wengi wa kazi hizo walitoka na fikra kwamba mwili wa Mwafrika una kinga. Trowell mwenyewe hakusema hivyo. Alipozeeka, akiwa kasisi Uingereza, alirudi kwenye daftari zake, akashirikiana na Denis Burkitt, na mwaka 1981 wakatoa kitabu kinachodai kwamba maradhi hayo hufuata maisha popote yanapokwenda. Mwaka 1990 utafiti wa Neil Poulter na wenzake juu ya Waluo waliohamia Nairobi kutoka Nyanza, nchi ile ile ya Donnison, ulionyesha presha zao zikipanda ndani ya miezi michache tangu kufika mjini. Kinga ilishuka kwenye basi.

Huku nyuma, Ulaya na Marekani walikuwa wamepata fundisho lao wenyewe, nalo lilitokana na ushindi. Mwaka 1921 huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best walipata insulini, na Januari 1922 mtoto Leonard Thompson akawa wa kwanza kuchomwa sindano yake. Kabla ya hapo mgonjwa wa kisukari alikufa amepoteza fahamu, damu imegeuka tindikali, mara nyingi akiwa kijana. Elliott Joslin wa Boston, aliyeweka daftari la wagonjwa wake kwa miongo mingi, aliona hesabu ya vifo ikipinduka mbele yake. Zamani zaidi ya nusu ya vifo vilikuwa vya kupoteza fahamu. Baada ya insulini kundi hilo likasinyaa, na mahali pake pakaingia mioyo iliyoziba, viharusi, figo na miguu iliyooza, mpaka ugonjwa wa mishipa ukawa ndio unaoua zaidi ya nusu. Insulini iliwapa wagonjwa miaka, na ateri zikatumia miaka hiyo kuharibika. Ugonjwa wa mishipa ulikuwapo tangu mwanzo, ila wagonjwa hawakuishi kiasi cha kuuona.

Kuanzia mwaka 1948 watu wa mji mdogo wa Framingham, karibu na Boston, walifuatiliwa mwaka hadi mwaka, na mwaka 1979 William Kannel na Daniel McGee walitoa hesabu: mwenye kisukari alikuwa na hatari mara 2 hadi 3 ya kupata ugonjwa wa ateri kuliko jirani yake asiye nacho, na wanawake walipoteza ile nafuu waliyokuwa nayo juu ya wanaume. Mwaka 1998 utafiti uliofanywa Finland ulikwenda mbali zaidi, ukasema mwenye kisukari ambaye moyo wake haujawahi kushtuka yuko katika hatari sawa na mtu asiye na kisukari ambaye moyo umeshashtuka mara moja. Tafiti za baadaye zimelipunguza makali dai hilo, lakini limebadilisha namna madaktari wanavyomtazama mgonjwa anayeingia mlangoni na kusema hana neno, ni sukari tu.

Ndani ya mshipa kwenyewe yapo haya. Ukuta wa ateri umetandikwa kwa ndani safu moja ya seli. Mpaka mwaka 1980 wengi waliiona safu hiyo kama zulia tu. Robert Furchgott, New York, akagundua kwamba ndiyo inayoamuru: hutoa kitu kinachoulegeza msuli wa mshipa ili damu ipite, na kitu hicho kikaja kujulikana kuwa gesi, oksidi ya nitriki. Yeye na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Sasa seli za msuli uliopumzika na za mafuta hungoja insulini izifungulie sukari mlango. Seli za utando huu hazingoji. Sukari ikijaa kwenye damu, inajaa na ndani ya seli hizo, na katika kuichoma zinazalisha kemikali kali zinazoiharibu oksidi ya nitriki. Mshipa unakaza pale ulipopaswa kulegea. Utando unaanza kuvuja. Lehemu mbaya, ambayo kwa mgonjwa wa kisukari huwa ya chembe ndogo nzito, inapenya chini yake na kunasa. Seli za ulinzi zinaifuata, zinaimeza, zinavimba kwa mafuta na kufia hapo hapo. Msuli wa ukuta unajenga kovu juu yake. Hilo ndilo gamba linaloziba ateri, na siku likipasuka damu huganda juu yake kwa dakika chache, maana chembe sahani za mgonjwa wa kisukari ni nyepesi kushikana.

Sukari hufanya na kazi nyingine ya polepole: hushikamana na protini. Samuel Rahbar aliigundua mwaka 1968 huko Tehran, akiwa anachunguza damu, na ugunduzi wake ndio uliozaa kile kipimo ambacho kliniki zetu hukiita sukari ya miezi mitatu. Linalotokea kwa rangi nyekundu ya damu hutokea pia kwa nyuzi za ukuta wa ateri, zikakakamaa. Katika miguu chokaa huingia kwenye safu ya katikati ya mshipa, jambo alilolieleza Mjerumani Johann Georg Mönckeberg mwaka 1903. Ateri ya namna hiyo haibonyei mkanda wa presha ukifungwa kwenye kifundo, hivyo mashine huonyesha mguu una damu nzuri huku haunayo. Daktari asiyejua hilo hudanganywa na kifaa chake.

La kusikitisha zaidi ni kwamba shughuli hii huanza kabla sukari haijaonekana. Mwaka 1988 Gerald Reaven wa Stanford alieleza jinsi mwili unaoikataa insulini unavyobeba pamoja presha ya juu, mafuta mabaya mengi, mafuta mazuri machache na sukari inayopanda kidogo kidogo. Ndiyo maana katika utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 1977, karibu nusu ya waliokutwa na kisukari walikuwa na madhara fulani siku hiyo hiyo ya kukutwa.

Turudi Msambweni, na kwa wakoma wake. Mwaka 1946 Paul Brand, aliyezaliwa India na wazazi wamishonari, alianza kazi ya upasuaji Vellore, kusini mwa India, na akazama katika miguu ya wakoma. Watu waliamini kwamba ukoma hula nyama, vidole vikadondoka vyenyewe. Brand aligundua kwamba vidonda vile vilitokana na ganzi: mtu asiyesikia maumivu hutembea juu ya msumari mchana kutwa. Mguu ukifungwa plasta ukapumzishwa, donda lilipona, kwa sababu damu ilikuwa bado inafika. Mwaka 1966 alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, na huko akatambua kwamba miguu ya wagonjwa wa kisukari ilikuwa na ganzi ile ile na vidonda vya mahali pale pale, chini ya kichwa cha kidole gumba na kwenye kisigino. Mambo mengi ya leo ya kutunza mguu wa kisukari, viatu vilivyopimwa na plasta ya kupunguza uzito, yametoka kwa wakoma.

Kwa hiyo mji wenye makao ya wakoma ulikuwa na nusu ya elimu hii uani kwake. Nusu ya pili ndiyo ngumu. Mguu wa mkoma una adui mmoja, ganzi. Mguu wa kisukari una wawili. Ganzi hufungua mlango, kisha ateri za chini ya goti, ambazo kisukari hupenda kuziziba kuliko za paja, hunyima kidonda damu ya kuponea. Antibiotiki inayomezwa haifiki, kwa kuwa nayo husafiri kwa damu ile ile. Hapo ndipo mchubuko wa kandambili unapokuwa donda ndugu, na donda ndugu likapandishwa Mombasa kwa feri ya Likoni likiwa limechelewa. Ganzi hiyo hiyo hufika mpaka moyoni. Mgonjwa wa kisukari anaweza kupata mshtuko wa moyo bila lile bano la kifua ambalo watu hulijua, akahisi kuchoka, jasho na tumbo kuvuruga, akalala, jamaa wakasema amepatwa na upepo mbaya.

Maisha ya pwani ya kusini yaligeuka taratibu. Hoteli za Diani ziliongezeka tangu miaka ya 1970, na pamoja nazo mishahara, kazi za kusimama mapokezi na kukaa langoni, na mashamba ya minazi yaliyouzwa yakawa viwanja. Baada ya serikali kuondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, safari ya kutembea kutoka kijijini mpaka lami ikawa ya bodaboda. Mahamri, mbaazi za nazi na chai havikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile kilichofuata baada ya chai. Mafuta ya kupikia yakauzwa mpaka kwa vipakiti vidogo, soda ikaingia katika kila kibanda, na mwezi wa Ramadhani kaimati, visheti na sharubati vikawa vya kila usiku hata kwa nyumba ambazo zamani zingepika mara moja kwa wiki.

Kipimo kizuri cha mgeuko huo kiko ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, kwa sababu Tanzania walianza kuhesabu mapema. Donald McLarty, Andrew Swai, Henry Kitange na wenzao wa Muhimbili walipima watu wazima zaidi ya 6,000 katika vijiji sita na mwaka 1989 wakatangaza kwamba wenye kisukari hawakufika hata 1 katika kila 100. Mwaka 2012 utafiti wa taifa ulikuta 9 katika 100. Kenya ilifanya wake mwaka 2015: kisukari asilimia 1.9, namba inayoonekana ndogo, lakini presha ya juu asilimia 23.8, na karibu 88 kati ya kila watu 100 walisema hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Kwa ateri, namba ya katikati ndiyo ya kutisha.

Maana utafiti ule wa Uingereza ulipofungwa mwaka 1998, ukiwa umewafuata wagonjwa 5,102 chini ya Robert Turner, ulitoa jambo ambalo kliniki nyingi za sukari hazijalimeza. Kushusha sukari peke yake kuliokoa macho na figo. Kwa mishtuko ya moyo faida ilikuwa ya kutia shaka, na ilichukua miaka 10 zaidi kuthibitika. Kushusha presha kwa dawa za kawaida kulipunguza viharusi kwa asilimia 44 na vifo vinavyohusiana na kisukari kwa asilimia 32. Mwaka 2003 Wadenmaki walitoa matokeo ya wagonjwa 160 tu, ambao nusu yao walitibiwa kwa ukali pande zote kwa pamoja, sukari, presha, lehemu, sigara, chakula na mwendo, na maradhi ya moyo na mishipa yakapungua kwa karibu nusu. Dawa zenyewe, metformini, vidonge vya presha na statini, si za ajabu wala si mpya.

Lakini mgonjwa wetu amefundishwa namba moja. Anaijua sukari yake ya asubuhi, anaibishania na jirani, akiiona 7 anakunywa chai ya mwarobaini kwa furaha. Presha yake haijui, lehemu haijapimwa, na kitabu chake cha kliniki kina safu ndefu ya namba za sukari. Yule aliyemfundisha alifundishwa vivyo hivyo, na mwalimu wake alisoma vitabu vilivyosema ateri za Mwafrika ni salama.

Dar es Salaam, daktari Zulfiqarali Abbas alianza na mguu. Kwa miaka mingi alikuta vidonda vingi vya wagonjwa wake vikitokana na ganzi na uambukizo, kisha vilivyochanganyika na ateri zilizoziba vikazidi kuonekana. Mwaka 2004 mradi wa Step by Step, alioushughulikia pamoja na wenzake wa India na Ulaya, ukaanza kuwafundisha madaktari na wauguzi wa hospitali za mikoani Tanzania, na mfano huo ukachukuliwa na nchi nyingine. Somo la kwanza halina mashine. Mgonjwa huvuliwa viatu, nyayo zikakaguliwa, uzi mgumu wa plastiki ukabonyezwa penye ngozi kuona kama anausikia, na vidole viwili vikawekwa juu ya unyayo na nyuma ya kifundo kutafuta pigo la damu. Mpigo usipopatikana, mgonjwa huyo si wa kliniki ya sukari peke yake tena: anaandikiwa statini na aspirini, presha yake inafuatwa, na barua ya kumpeleka kwa daktari wa mishipa inaandikwa kabla mguu haujapata hata mchubuko.